Maharage Chini ya Mbuzi

Mtu akiniambia maharage ni chakula cha shida, damu inanipanda. Nasimama kabisa. Mke wangu ananivuta shati, "Kaa chini, tata, ni maharagi tu," na mimi nasema hapana, leo huyu atanisikia. Nimeona kwa macho yangu sahani ya maharage ikifanya kazi iliyomshinda mbuzi mzima, uani kwangu hapa Kolwezi, mchana kweupe, mashahidi wapo na wako hai. Ngoja nieleze vizuri.

Kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Mageti, vitanda, trela za malori yanayobeba shaba, chochote cha chuma kilichovunjika naletewa mimi. Moto na mimi tunajuana. Ndiyo maana Jumamosi, kama hakuna kazi ya kunikimbiza, nachoma michopo mwenyewe. Michopo ni nyama ya mbuzi ya kuchoma, na huku kwetu Katanga mwanaume asiyejua kuichoma anachekwa na watoto wake mwenyewe. Jiko langu ni pipa la mafuta nililolipasua kwa urefu, nikaliwekea miguu minne na wavu juu. Kati ya wavu na makaa nikachomelea wavu wa pili, na hapo watu wananiuliza wa nini. Wa maharage, nawaambia. Wanacheka. Wacheke.

Haya maharage nilijifunzia kazini. Niliwahi kupata kandarasi kwenye mgodi mmoja nje ya mji, na kantini yao ilikuwa na mpishi kutoka Zambia, Mubemba, mtu mnene, mcheshi, anayeimba huku anakoroga. Siku za nyama ya kuchoma alikuwa anakuwekea pembeni ya sahani kijiko kimoja cha maharage, kimoja tu, kama anakupa dawa. Siku ya kwanza nikaonja. Weee! Yalikuwa matamu, tena makali, tena yana uchachu, halafu moshi ukaja nyuma ukakaa mdomoni. Mimi niliyelelewa kwa maharage ya chumvi na mawese, niliinuka na sahani yangu nikarudi kwenye foleni.

"Umeshakula, baba," akaniambia.

"Sikuja kula. Nimekuja kuuliza."

Alicheka mpaka tumbo likatikisika. Akanipeleka nyuma ya kantini akanionyesha. Sufuria ya maharage haikuwa kando ya nyama. Ilikuwa chini yake. Nyama inaungua huko juu, mafuta yanadondoka tsss, tsss, moja kwa moja ndani ya maharage. Akaniambia siri yote ni hiyo, mengine ni kelele. Na akanipa sheria yake moja: ukila haragwe na jino likahitajika, rudisha sufuria motoni, bado.

Yeye alikuwa anatia sukari nyeusi, siki na michuzi ya chupa yenye majina marefu. Mimi nikatafuta vyangu. Asali nanunua ile nyeusi ya msituni, inayotoka upande wa Sandoa ndani ya chupa za maji, na ukiiangalia vizuri utaona mguu wa nyuki unaelea humo. Badala ya siki, limau. Vitunguu vingi kuliko unavyodhani vinatosha, nyanya ya kopo, kitunguu saumu, na pilipili niliyoibabua kwanza kwenye makaa ndipo nikaiponda. Maharage yanalala ndani ya maji usiku kucha. Asubuhi nayachemsha kwenye mbabula, jiko letu la makala, yaani makaa, mpaka ukiweka moja kwenye ulimi na kulisukuma juu linasambaratika lenyewe. Hapo ndipo nachanganya kila kitu kwenye sufuria pana, nayapeleka chini ya nyama bila kifuniko, na kazi yangu inabaki kukoroga na kufukuza watoto. Ni chakula cha pembeni tu. Mwenye sahani ni bukari, ugali wetu, na nyama. Lakini watoto wangu, mbwa wale, wanaanza na pembeni.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Mama mkwe wangu alikuwa anaishi Kapata, kwenye zile nyumba za wafanyakazi zilizojipanga mistari, mumewe alikomwacha. Baba mkwe, Mungu amweke pema, alifanya kazi kampuni mpaka kampuni ikachoka na yeye akachoka. Watoto wametawanyika, majirani wa zamani wamehama au wamezikwa. Msimu wa mvua uliopita mama alianguka kwenye ngazi ya mlango, alikuwa anamwaga maji ya kufulia. Alianguka asubuhi. Muuza mikate ndiye aliyemwokota, jioni. Tangu siku hiyo mke wangu hakuwa mtu. Simu ikilia, anashtuka. Isipolia, anashtuka zaidi. Alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani: mama yake ahamie kwetu. Chumba kipo. Kitanda nilikichomelea mwenyewe, kina maua kichwani. Na mama alikuwa anasema hapana.

Hapana yake ilikuwa na mzizi. Sisi wa kaskazini mwa Katanga tuna buko, ile heshima na haya kati ya mtu na wakwe zake. Mama mkwe hamtazami usoni mume wa binti yake. Hasemi naye, anamtumia mtu. Na hali chakula cha moto wake mpaka siku mkwe amemchinjia mbuzi, na yeye akaila nyama hiyo ndani ya nyumba ya mkwe, mbele ya wanawake mashahidi. Siku hiyo, kwetu tunasema, amekula moto. Kabla ya hapo anaweza kuja, akakaa kidogo, akawaona wajukuu, akaondoka na njaa yake. Kulala hawezi. Atalalaje mahali asipoweza kula? Na akiwekewa mbuzi huyo halafu akaiacha nyama kwenye sahani, amekataa. Hakuna mbuzi wa pili. Hiyo nyumba imefungwa kwake mpaka anaingia kaburini.

Msidhani ni maneno tu. Kwa miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kusikia neno moja kutoka kwa mama yule likielekezwa kwangu. Uso wake ningeulizwa ningebabaika, lakini miguu yake ningeweza kuichora, maana ndiyo niliyoruhusiwa kuitazama. Siku moja tulikutana sokoni, uso kwa uso, penye njia nyembamba. Yeye akajifunika kichwa na kikwembe, mimi nikaruka nyuma ya magunia ya makala. Nikakaa huko nimechuchumaa, mwenye makala ananiuliza, "Tata, unanunua ao unajifichia deni?" Nikamwambia, "Buko." Akasema, "Aa, pole," akasogeza gunia linifunike vizuri.

Mara ya kwanza tulipopanga siku ya mbuzi, mama akatuma ujumbe ana malaria. Sawa, malaria ni malaria. Tukapanga tena, akatuma ujumbe kuna kilio Kisenge, anaenda. Kumbe Kisenge hakuna aliyekufa! Shangazi wa mke wangu, dada wa marehemu baba mkwe, alipiga simu huko akaambiwa wote wazima, wanakula vizuri. Hapo nikawaka. Nikasema huyu mama hanitaki, aseme tu hanitaki, mikono yangu ya kuchomelea vyuma haimpendezi, alitaka binti aolewe na karani. Nilisema mengi. Mke wangu alikaa tu kwenye kile kitanda chenye maua akilia, na mimi nikaona aibu nikanyamaza.

Halafu, wakati wa baridi, vumbi jekundu limejaa kila mahali na asubuhi mdomo unatoa moshi, mama akakubali. Mwenyewe. Akatuma neno: Jumamosi naja. Nyumba yetu ikapinduka! Mke wangu alifagia ua mpaka nikamwambia utatoboa ardhi. Nilinunua beberu mchanga, mwekundu, mwenye masikio marefu, na nilipomleta watoto walimpa jina, nikawakataza, mtu hali mnyama mwenye jina.

Shangazi ndiye aliyepewa kusimamia. Huyo shangazi, jamani. Ni mama mfupi, sauti yake inafika barabarani kabla yake. Aliingia Jumamosi asubuhi, akakagua nyumba, akakagua mbuzi aliyekwisha kuchunwa, akafika kwenye pipa langu. Akainama.

"Na hii sufuria ya huku chini?"

"Maharagi, tanti. Ya kando tu. Ya batoto."

Alinyooka polepole. "Maharagi? Ku buko?"

"Ya batoto, tanti!"

"Ekie! We unajua huyu mulamu yangu, bibi ya kaka yangu, alikulaka nini ku Kapata? Posho! Kampuni ilileta gunia ya maharagi, anapika maharagi. Kampuni ilikosa mushahara, anapika maharagi. Leo njo unamuita ku mbuzi, halafu unamutolea maharagi? Unataka kumwambia nini? Eti arudi ku posho?"

"Sitaki kumwambia kitu. Hayaendi kwake."

"Funika ile sufuria asiione."

"Nikifunika, mafuta itaanguka wapi?"

Tulitazamana. Mimi najua kukasirika, lakini yeye alianza kukasirika kabla sijazaliwa. Nikaenda karakana nikaleta kipande cha bati, nikakisimamisha mbele ya jiko kama ukuta. Akaridhika kidogo. Alipokwenda zake nikakoroga maharage yangu nikayaambia msijali.

Mama mkwe alifika jua likiwa limeanza kupasha. Nilisikia pikipiki ikizima nje, nikageuka mara moja, uso kwenye jiko, mgongo kwenye geti. Ndivyo inavyotakiwa: mkwe anapika, hatazami. Nikasikia watoto wakipiga kelele, "Nkambo! Nkambo!" Nikasikia kandambili zikipita nyuma yangu, polepole, moja ikiburuzika kwa sababu ya ule mguu alioumia. Mlango ukafungwa. Ndani walikuwa yeye, shangazi, mke wangu na majirani wawili wa kushuhudia. Nje mimi na moto wangu. Moyo wangu unapiga kama nyundo kwenye bati, na bado nilikuwa nacheka peke yangu. Leo! Leo tunamaliza!

Nilichoma nyama ile kuliko nilivyowahi kuchoma. Kidari ni cha mama mkwe, hiyo ni sheria, pamoja na ini na mbavu za upande wa kulia. Niliipaka nyama chumvi na limau, nikaigeuza, nikaipepea, sikuruhusu moto uruke hata mara moja. Juu ikawa kahawia, ikang'aa, mafuta yakawa yanashuka chini tsss, tsss, na harufu ikapanda mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta akauliza kama kuna harusi. "Buko!" nikamjibu, na yeye akapiga makofi. Shangazi akatoka, akapokea sahani, akainusa. "Muzuri," akasema. Kwa shangazi yule, hilo ni shairi.

Sahani ikaingia. Nikangoja vigelegele.

Kimya.

Nikageuza nyama iliyobaki. Nikakoroga maharage. Kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa naungoja huo mshindo. Watoto nao wakaacha kucheza. Hata mbwa wa jirani nilimwona amekaa.

Shangazi akatoka. Hakuwa na sahani. Akaja mpaka kwenye bati langu akasema chini chini, jambo ambalo sikujua analiweza: "Sahani iko inajaa vile vile. Anaiangalia tu."

"Inakosa nini? Chumvi?"

"Haikose kitu. Mi nimeonja. Ni mbuzi muzuri." Akavuta pumzi. "Tata, mi ni shahidi. Nikingoja tena kidogo na haijaliwa, nitasimama niseme amekataa. Siwezi sema uongo mbele ya bamama."

Hapo hasira yangu yote ilirudi, na rafiki zake. Nikataka kuvunja mlango. Nikataka kuingia na kumuuliza uso kwa uso, mama, nimekukosea nini, niambie. Nilipiga wavu kwa koleo mpaka ubavu mmoja wa mbuzi ukaruka ukaanguka mavumbini. Ndipo mke wangu akatoka mbio kupitia mlango wa nyuma, kitambaa cha kichwa kimeteleza, akanishika mkono wenye koleo.

"Tata, nyamaza. Nyamaza. Mama hana meno."

"Nini?"

"Ya nyuma. Yote imetoka. Nimeona sasa hivi. Aliweka nyama mu kinywa, akaizungusha, akaizungusha, akaitemea mu kitambaa akidhani sijaona. Tata, ile malaria, kile kilio ya Kisenge, yote ilikuwa ni meno. Alikuwa anaona haya." Akaanza kulia. "Alikubali kuja juu ya kuogopa kufia kule peke yake. Na sasa hawezi kutafuna."

Mimi niliyetoa hotuba nzima juu ya makarani! Nilimwona yule mama, ambaye sijui uso wake, amekaa mbele ya sahani nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na kila mtu anamtazama mdomo. Nikasema tuiponde nyama kwenye kinu. Mke wangu akatikisa kichwa kwa nguvu. Nyama ya kupondwa ni ya mtoto mchanga na ya mgonjwa anayekata roho. Ikiingia sahani ya namna hiyo, majirani watajua, na mama atainuka aondoke kabla haijawekwa mezani. Angekufa Kapata kwa fahari yake.

Na hapo, jamani, tone la mafuta likaanguka. Tsss. Nikatazama chini.

Sijui kama niliwaza. Nadhani mikono iliwaza. Nilichukua bakuli la udongo, lile la wageni, nikachota maharage kutoka katikati, penye mafuta mengi, pale yalipokuwa meusi na mazito na yanayong'aa. Mke wangu akaona ninachofanya akashika mdomo.

"Maharagi? Ku buko?"

"Onja."

"Tata, shangazi atakuua."

"Muite huyo shangazi."

Shangazi akaja, na alipoona bakuli macho yakamtoka. Kabla hajafungua ile sauti, nikasema haraka, kwa heshima zote nilizonazo, nusu nimepiga goti. "Tanti, unisamehe. Nakuuliza swali moja. Mbuzi iko wapi?"

"Iko mu sahani, ndani, inapoa!"

"Ile ni mifupa na nyama. Mafuta yake iko wapi? Tangu asubuhi, yote, ya kidari, ya mbavu, ya miguu, ilianguka wapi?" Nikaondoa bati. Nikamwonyesha wavu wa juu, wavu wa chini, sufuria, na kama vile nilikuwa nimeliagiza, tone lingine likaanguka mbele ya macho yake. "Hakuna mawese mule ndani, tanti. Hakuna mafuta ya duka. Mafuta ni ya mbuzi tu. Sheria inasema ale mbuzi ya moto yangu. Haikusema atafune."

Neno hilo la mwisho lilinitoka bila kupenda. Mke wangu akanifinya. Shangazi akanitazama kwa muda, halafu akatazama mlango, halafu akatazama tena bakuli. Akakinga kiganja, nikamwekea kijiko. Akaonja akifumba macho. Ndipo nikaona kwamba naye anapeleka chakula upande mmoja tu wa mdomo, upande wa kushoto, taratibu. Akakinga kiganja tena. Mara ya pili hakuwa anaonja, alikuwa anakula.

"Hii ni mbuzi," akasema.

"Ni mbuzi, tanti."

"Ni mbuzi kabisa. Imelainika tu." Akafuta mkono kwenye kikwembe, akanipokonya bakuli, na ile sauti yake ikarudi yote, ikafika barabarani na kuvuka. "Bamama! Mukwe ametuma mbuzi namna ingine! Mukasogeze ile sahani ya kwanza, muache nafasi! Namna hii ni ya bakubwa!"

Mlango ukafungwa. Mke wangu akakimbilia ndani kwa mlango wa nyuma. Nikageuza mgongo wangu kwenye nyumba kama inavyotakiwa, nikashika koleo kwa mikono miwili, na nikakuta naomba Mungu kwa ajili ya maharage. Niliomba kwa sauti! Nilisema Bwana, umelisha watu jangwani, hii ni sahani moja tu.

Kwanza nikasikia kijiko kikigusa bakuli. Kidogo. Halafu hakuna kitu. Halafu kijiko tena. Tena. Halafu kikawa kinakwenda mfululizo, ka-ka-ka, kwa haraka ya mtu aliyekuwa na njaa kwa muda mrefu na hakumwambia mtu. Nikamsikia mke wangu anasema, "Mama, polepole," huku sauti inamkatika kwa kicheko na kilio pamoja. Nikasikia jirani mmoja anauliza kama bakuli lingine lipo. Mwishowe nikasikia kitu ambacho kila mtu hapa Kolwezi anakijua, kijiko kikikwangua chini ya bakuli.

Shangazi hakutoka nje kutangaza. Alipiga kigelegele palepale alipokaa, kirefu, bila kupumua, na wale wengine wakampokea. Amekula! Amekula moto! Watoto wakaanza kuruka bila kujua sababu. Mimi nilicheza mbele ya pipa langu na koleo mkononi, mgongo bado umegeukia nyumba, kiuno kinakwenda, jirani ananitazama juu ya ukuta na kunipigia makofi. Sikujali. Mbuzi mzima alikuwa anaungua upande mmoja, na hilo sikulijali pia.

Ndipo dirisha la nyuma yangu likafunguliwa. Nikasimama. Nilidhani ni mke wangu. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mzima, nyembamba, ina kikwaruzo kidogo, na sikuwahi kuisikia ikisema nami tangu niingie kwenye familia ile. Kigelegele ndani kikakatika.

"Mukwe."

Sikugeuka. "Karibu, mama."

"Kile kitanda," akasema mama mkwe wangu, "ukitoe pale ku dirisha, ukiweke ku ukuta. Mi naonaka baridi usiku."